Nimekukumbuka Kwenye Karatasi

Siku ya sikukuu ya mtakatifu wa mji, jua likiwaka, nyumba imejaa watu mpaka kwenye ngazi na nguruwe wa kuchoma amebaki kichwa na mbavu, Tiya Pilang, shangazi wa mji mzima, aligonga bilauri kwa kijiko akasema kwamba leo hii, kabla ya chai ya jioni, anabadilisha wasia wake.

Weee! Jamaa aliyekuwa akiimba kwenye mashine ya karaoke aliuachia wimbo njiani, muziki ukabaki unacheza peke yake. Vijiko vikatua. Kuna mtu alikuwa ametia mdomoni kipande cha ngozi ya nguruwe, ile kavu inayolia, na akaogopa kukitafuna.

"Mbona mmenyamaza?" Tiya Pilang akauliza huku akijipepea kwa upepeo wake. "Sijasema nakufa. Nimesema nabadilisha. Kuleni."

Hakuna aliyekula.

Ising alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni na upawa mkononi. Mchuzi ukamdondokea kwenye kidole cha mguu wala hakuusikia. Alikuwa amefika nyumba hii akiwa msichana kutoka vijiji vya mlimani, ameitwa aje kufua mapazia kwa wiki moja. Wiki hiyo haijaisha mpaka leo, na msichana ameota mvi. Ndiye aliyepika, ndiye aliyefua, ndiye aliyempaka Tiya dawa ya mgongo. Na chini ya nyumba, kati ya nguzo, alikuwa na tanuri la udongo alimooka bibingka, ile mikate ya mchele na tui la nazi inayopikwa kwa moto wa juu na wa chini. Mji mzima ulikula bibingka ya Ising. Lakini tanuri lilikuwa la Tiya, na nguzo za Tiya, na hewa iliyoupuliza moto nayo ilikuwa ya Tiya.

Wasia wa zamani haukuwa siri. Nyumba na kiwanja vinakwenda kwa Crispulo, mtoto wa kaka yake Tiya, anayeuza vipuri vya magari Manila. Haukuwa siri kwa sababu Crispulo mwenyewe aliutangaza kila alipokuja, na kila alipokuja alikuja na futi ya chuma kiunoni. Alitaka kujenga kituo cha mafuta. Mwaka jana alisimama juu ya tanuri la Ising na viatu vyake, akasema, "Tangi la dizeli litakaa hapa," kisha akaomba bibingka mbili za njiani.

Tiya Pilang hakuolewa, hakuzaa, na wazazi wake walishazikwa zamani. Sheria ya kwetu humlinda mtoto wa marehemu hata awe mkorofi vipi, lakini mtu asiye na mtoto, mume wala mzazi, mali yake ni yake ya kuchezea. Na Tiya Pilang aliichezea, mwenzangu, kama karata! Mvuvi akimletea samaki mnono asimdai, Tiya anamshika mkono na kumnong'oneza, "Nimekukumbuka kwenye karatasi." Kinyozi Bando akija kumkata nywele nyumbani bure, "Nimekukumbuka kwenye karatasi, Bando, kile kioo kikubwa." Maestra Ludovica, mwalimu mstaafu aliyemsomea barua zake tangu macho yalipoanza kufifia, alikumbukwa kwa kabati la mninga. Piano lilikuwa limeahidiwa watu watano, na mmoja wao alishaanza kujifunza kulipiga. Wanasema ahadi ni deni. Tiya Pilang alikuwa anakopa mji mzima na hakuna aliyemwona akilipa.

Mtu mmoja tu hakuwahi kushikwa mkono wala kunong'onezwa. Ising alishayasikia maneno yale kupitia ukuta wa mbao hata akachoka, akiambiwa mwuza mboga, akiambiwa dereva, akiambiwa padri msaidizi. Yeye hakuambiwa. Zamani ilimuuma. Siku hizi alijiambia kwamba mtumishi ni mtumishi, na kwamba siku Tiya akifumba macho, yeye atakunja mkeka wake arudi mlimani kwa wapwa asiowajua majina. Alijiambia hivyo kila usiku na kila usiku maneno hayakumwingia.

"Wakili!" Tiya akaita. "Acha mbavu hizo. Toa karatasi."

Wakili Tabanera alikuwa mtu mwembamba anayekula kama mtu mnene. Alijifuta vidole kimoja kimoja, akavuta bahasha aliyokuwa ameikalia tangu asubuhi, akasimama.

"Nyongeza ya wasia imeshaandikwa," akasema. "Kilichobadilika kimebadilika, mengine yanabaki kama yalivyokuwa. Angeweza kuandika yote kwa mkono wake mwenyewe, sheria inamruhusu, na wala tusingehitaji shahidi. Lakini mnaujua mkono wake unavyotetemeka tangu alipougua. Kutia saini ataweza. Kwa hiyo nataka mashahidi watatu. Watu wazima, wenye macho, wanaojua kusoma na kuandika. Wakae humu chumbani pamoja, wamwone Tiya akitia saini, nao watie saini zao huku wakionana. Kilichomo hawasomi."

Mikono ikaanza kuinuka. Watu wa mji ule wanapenda kutia saini, hata kitabu cha wageni msibani hukijaza kurasa mbili.

"Mbona usisaini wewe, Wakili?" mtu akauliza.

"Mimi ndiye mwenye mhuri. Siwezi kuwa mpiga mhuri na shahidi. Halafu kuna jambo moja dogo." Akakohoa. "Shahidi akiwa ni mtu aliyeachiwa kitu humu ndani, kile alichoachiwa kinafutika. Hapati."

Mikono ikashuka! Tena ilishuka kwa kasi kuliko ilivyopanda. Mvuvi aligundua kwamba hajui kusoma, wakati asubuhi ile ile alikuwa amesoma gazeti kwa sauti. Mwuza mboga mkono ulimfa ganzi, hausogei, haki ya Mungu. Dereva alikumbuka kwamba gari halina mafuta, akaenda kulitazama, na hakurudi. Kila mmoja alikuwa na kitu chake kwenye karatasi ile, kioo au kitanda au piano, na nani mwenye akili timamu atajifutia kitu chake kwa kalamu yake mwenyewe?

"Hata mmoja?" Tiya Pilang akasema. "Nyumba nzima hii, hata mmoja?"

Crispulo, aliyekuja kwa sikukuu na futi yake ile ile, alicheka mpaka mnyororo wa saa ukalia. "Mimi msinitazame, mimi ni mrithi!" Akaanza kugawa bia kwa bidii, akiwaelekeza watu kwenye karaoke mmoja mmoja. "Imbeni, imbeni! Tiya atachoka sasa hivi. Wasia wa zamani una kasoro gani? Mzuri kabisa ule!"

Ising alirudi jikoni akaanza kuosha sahani zilizokwisha kuoshwa. Maestra Ludovica akamfuata, amemvuta kinyozi Bando kwa kola.

"Akili ni nywele, Bando, kila mtu ana zake," Maestra akanong'ona, "na wewe kazi yako ni kuzikata tu, ndiyo maana huoni. Hebu fikiri. Mtu aliyeandikwa mle, Tiya mwenyewe hatakubali asaini, maana atamharibia. Si ndiyo? Sasa mimi najitolea. Akinikataza, kabati langu."

"Na akikuruhusu?"

"Thubutu! Aniruhusu mimi? Nimemsomea barua zake miaka mingapi?"

Bando alimtazama kwa heshima mpya kabisa. Ising akatazama povu la sabuni. Hesabu ile ilimfikia hata yeye ambaye hakuulizwa, naye akaifukuza kama kuku jikoni.

Maestra alijitengeneza nywele, akaingia sebuleni kifua mbele. "Tiya Pilang, mimi nitakuwa shahidi wako. Kwa moyo mmoja."

"Ah, Maestra!" Tiya Pilang akafurahi. "Mungu akuzidishie. Saini yako itakaa hapa, pembeni."

Maestra alisubiri. Tiya naye alisubiri, akitabasamu kwa yale meno machache. Maestra akaishika kalamu, akainama taratibu kabisa, akitega sikio aitwe jina lake, aambiwe acha. Hakuna aliyemwita. Ncha ya kalamu ilipokaribia karatasi akaruka.

"Miwani yangu!"

"Umeivaa," akasema Wakili.

"Hii si yenyewe!"

Akarudi jikoni mbio, akaketi juu ya gunia la mchele, akalia. "Kabati, Ising! Kabati la mninga! Nimesoma barua za dada yake wa Hawaii, zote zinazungumzia miguu kuvimba, nimezisoma zote!"

Ising akampa kahawa, akampangusa uso kwa aproni. Akamwambia, "Kabati lenyewe lina mchwa, Maestra." Ilikuwa kweli na ilimsaidia kidogo.

Sebuleni, siri ya hesabu ya Maestra ilikuwa imeshavuja, maana Bando hajawahi kufunga mdomo akiwa na mkasi wala bila mkasi. Sasa wote walitaka kujitolea! Walipanga foleni. Mvuvi alikuwa amejua kusoma tena. Kila mmoja anakuja, "Tiya, mimi nipo, nitasaini," anamkodolea macho usoni, na Tiya anajibu, "Oo, asante sana, saini hapa," na mtu anayeyuka. Mmoja aliomba kwenda haja. Mmoja alizimia kabisa, akapepewa, akazinduka baada ya kusikia bia imefunguliwa. Tiya Pilang alikuwa anafurahia, nyie! Mashavu yake yalikuwa yamepata rangi ambayo Ising hakuiona tangu ugonjwa. Kumbe hakuna hata mmoja aliyekuwa kwenye karatasi, na kila mmoja alikuwa analijua hilo sasa, ila hakutaka jirani yake ajue.

Bando ndiye aliyekasirika kiume. Alijitolea, akaruhusiwa, akasimama pale na kalamu akiwa amevimba shingo. "Kioo sipati?"

"Sijasema kitu," akasema Tiya. "Saini hapa."

"Basi nasaini! Kama sipati kioo, nitoke hapa na heshima." Akavuta kiti akakaa, mikono kifuani, kama abiria aliyenyimwa chenji. Shahidi wa kwanza huyo.

Wa pili alipatikana barabarani. Wakili alichungulia dirishani akamwona kijana muuza maputo, mtu wa kisiwa kingine aliyefuata sikukuu tu, asiyemjua Tiya wala piano lake. Jina lake Jovito. Alipanda ngazi na maputo yake yote, akasikiliza, akasema haina shida, mradi apate sahani ya wali.

"Kijana mwema huyu!" Tiya Pilang akamshika mkono, na mazoea yana taabu, "Haki ya Mungu nitakuku—"

"Tiya!" Wakili akapiga kelele.

Lakini Bando alishakwisha kuruka kitini. "Umemsikia? Atamkumbuka na huyu! Kijana, weka kalamu, unapata kitu hapa!" Jovito akaiachia kalamu kama kaa la moto, akataka kujua anapata nini, ni nyumba au ni shamba. Ilibidi Tiya aapishwe mbele ya sanamu ya Mtoto Yesu, mkono juu, kwamba Jovito hatapata kutoka kwake hata kifungo cha shati. Jovito alisikitika kidogo, lakini alikaa. Wawili.

Wa tatu hakupatikana.

Walitafuta kila mahali. Wapiga ngoma za sikukuu walikuwa wameshalewa, na mlevi Wakili hamtaki. Padri alikuwa kwenye maandamano ya mtakatifu. Crispulo alikuwa kama mchunga mbuzi, kila mgeni asiye na kitu cha kupoteza anapotokeza kichwa kwenye ngazi anamwekea bia mkononi na kumgeuza. Wakili akatazama saa, akasema ana ubatizo mji wa pili, yeye ndiye baba wa ubatizo, na mtoto hawezi kumsubiri mpaka akue. Kisha atasafiri. Atarudi mwezi ujao, Mungu akipenda.

Tiya Pilang aliacha kujipepea. Ising aliona hilo kutoka mlangoni, na likamshtua kuliko kelele zote za siku ile, kwa sababu upepeo wa Tiya haukuwahi kutulia hata kanisani.

"Basi, Wakili," Tiya akasema kwa sauti ndogo. "Rudisha kwenye bahasha. Ule wa zamani utatosha. Mwezi ujao mimi nani anajua niko wapi."

Crispulo akaongeza sauti ya karaoke.

Ising alikuwa hajui kilichoandikwa mle. Labda nyumba inakwenda kanisani. Labda kwa yule dada wa miguu ya kuvimba. Kote huko yeye hayumo, alikwisha kukubali. Lakini alikuwa amekaa na bibi huyu katika homa na katika tufani, amemwinua na kumlaza, na leo ametaka neno moja tu liwekwe sawa kabla hajafa, na neno lenyewe linakwama kwa kukosa jina la mtu mmoja. Jina! Yeye si analo? Akafuta mikono kwenye aproni, akapita kati ya watu, akasimama mezani.

"Mimi nipo, Tiya," akasema.

Hakuna aliyekuwa amemfikiria, hata kidogo. Watu walimtazama kama vile chungu kimesema. Bando akasema, "Eh, kweli bwana, Ising naye si mtu?" Wakili alikuwa ndiyo kwanza ametia kipande cha nyama mdomoni, kikampalia, akakohoa mpaka macho yakatoka, akipunga mikono bila kuweza kutamka neno.

Ising hakumjali. Alichukua kalamu. Hakumtazama Tiya usoni kama wale wengine, hakutega sikio. Aliinama pale pembeni palipoonyeshwa, mkono thabiti, na akaanza kuteremsha ncha.

Paa! Upepeo wa Tiya ukamtua juu ya vidole.

"Weka chini hiyo kalamu!"

Kalamu ikaruka ikaangukia kwenye sahani ya tambi. Ising alibaki ameinama, vidole vinawaka. Aibu ilimpanda mpaka kwenye masikio. Basi hata hili! Muuza maputo anatosha, kinyozi anatosha, yeye mkono wake umezoea masizi, hautoshi kugusa karatasi ya mabwana.

"Najua kuandika, Tiya," akasema taratibu. "Wewe mwenyewe ndiye uliyenifundisha, pale jikoni, kwa mkaa."

"Nimesema weka chini!"

"Nina macho. Ni mtu mzima. Wakili amesema—"

"Inday!" Lilikuwa neno la kumwitia binti, na Tiya alikuwa hajalitumia tangu Ising aanze kuota mvi. "Usithubutu! Usithubutu kuigusa karatasi hiyo!"

Karaoke ilifika mwisho wa wimbo. Watu wote wakafikiri kitu kimoja na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kukisema. Halafu kutoka jikoni, juu ya gunia la mchele, Maestra Ludovica akapiga ukelele kama jogoo.

"AMEMKATAZA!"

Jamani! Nyumba ile ya mbao ilitikisika. Watu walisimama juu ya viti. "Amemkataza! Ising amekatazwa!" Mvuvi alimkumbatia mwuza mboga ambaye walikuwa hawajasemezana tangu uchaguzi. Jovito, aliyekuwa hajui lolote kuhusu mtu yeyote, alipiga vigelegele kuliko wote, na maputo yakamponyoka yakajaa darini. Crispulo alibaki na chupa ya bia mkononi, ameipindua, inamwagika juu ya kiatu chake cheupe.

Mtu pekee ambaye hakuelewa ni Ising. "Nimekosa nini?" akamwuliza Maestra aliyekuja mbio. "Niambie, nimekosa nini?"

"Wewe kichwa chako cha kubebea vyungu tu?" Maestra akamshika mabega akamtikisa. "Sisi wote tumeruhusiwa! Mji mzima umeruhusiwa! Wewe tu umekatazwa, Ising! Wewe!"

Ising akamgeukia Tiya Pilang. Tiya alikuwa amejificha nyuma ya upepeo, jicho moja tu linaonekana, na jicho lenyewe lilikuwa na machozi na hasira ya mtu aliyefumaniwa.

Akaketi kwenye kiti kilichokuwa karibu, mezani, mbele ya kichwa cha nguruwe, mahali ambapo hajawahi kuketi siku ya sikukuu tangu afike nyumba ile. Akacheka, au alilia, hata yeye hakujua. Vyote vilitoka pamoja.

"Nipeni hiyo kalamu!" Maestra akasema, akiiokota kutoka kwenye tambi na kuilamba. "Barua nimezisoma bure, na hii nasaini bure. Kama ni Ising, nasaini hata kwenye paji la uso!"

Na sasa nani hakutaka kusaini? Kusaini kulikuwa heshima ya mwaka. Walisukumana. Dereva alitokea, gari limepata mafuta. Ilibidi Wakili ailalie karatasi na kuapa kwamba watatu wanatosha, kisha akafunga mlango, akamweka Tiya katikati na mashahidi wakimtazama. Tiya Pilang alitia saini yake iliyotetemeka kwenye kila ukurasa. Bando akasaini, Jovito akasaini huku akishika puto moja lililobaki, Maestra akasaini kwa mwandiko wa ubaoni. Mhuri ukagonga. Karatasi ilikuwa na doa la mchuzi wa tambi pembeni, na Wakili alisema doa halina neno, sheria haijataja mchuzi.

Crispulo alipopata sauti, ilikuwa ya mtoto. "Na mimi, Tiya? Damu yako?"

"Wewe sijakusahau, mwanangu," Tiya akasema kwa upole kabisa. "Nyumba na kiwanja na tanuri ni vya Ising. Lakini vyombo vyote vya ndani nimekuachia wewe. Piano, kile kioo, kabati, vitanda. Kila kitu nilichowahi kumwahidi mtu yeyote katika mji huu ni chako. Na wale niliowaahidi, wao pia ni wako."

Crispulo akageuka. Mvuvi alikuwa ameshasogea. Nyuma yake walikuwapo wengine wanne, wote wanatazama piano.

"Bwana Crispulo," mvuvi akaanza, akivua kofia. "Kuhusu lile jambo letu la muziki..."

Mara ya mwisho Crispulo alionekana akishuka ngazi mbili mbili, watano wale nyuma yake, na futi ya chuma ikijivuta kwenye vumbi.

Jioni, wageni wamepungua, Ising alimshusha Tiya taratibu hadi chini ya nyumba, akamweka kwenye kiti karibu na tanuri, kwa sababu Tiya alitaka bibingka ya moto. Moto ulikuwa unashika. Ising alikuwa na swali moja tu.

"Mbona hukuwahi kuniambia, Tiya? Umemwambia mpaka mwuza mboga. Mimi hata siku moja."

Tiya Pilang alijipepea.

"Ningekwambia vipi? Ningekushika mkono nikasema, Nimekukumbuka kwenye karatasi? Wewe uliyeyasikia yote kupitia ukuta, ungeniamini?"

Ising alifikiri. Akaanza kucheka, polepole, halafu kwa nguvu, mpaka akashika nguzo.

"Hata kidogo."

"Ndiyo hivyo," Tiya akasema. "Maneno yangu nimeyagawa mji mzima, Inday. Kwako nikabaki na karatasi tu."

Ising akafuta macho kwa aproni, akachota unga. Tiya akainua kidole, akakumbusha kama kila siku kwamba chumvi kidogo, daktari amekataza.

"Nyumba yangu hii," Ising akajibu, akatia chumvi kiganja kizima.